Mathenge: Mgeni Aliyekataa Kwenda Kwao

Wazee wetu husema mgeni hukirimiwa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Mti tunaotaka kuuzungumza katika kurasa hizi ulikaribishwa kwa heshima zote. Watu wakahimizwa kuupanda, wakasifiwa kwa kuutunza. Siku zake mbili zimepita kitambo, na sasa katika vijiji vingi vya bonde la Mto Tana, vya Garissa na vya kandokando ya Ziwa Baringo, mgeni ndiye aliyekaa barazani, na wenye nyumba ndio wanaotafuta pa kupita.

Jina lake katika Kenya ni mathenge. Wasomali wana jina la garanwaa, yaani kitu kisichojulikana, na jina hilo lenyewe latosha kutuonyesha kwamba mti huu haukuzaliwa kwetu. Wataalamu wa mimea huuita Prosopis juliflora. Kwao ni Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na upande wa kaskazini wa Amerika ya Kusini. Sudan ulifika tangu mwaka 1917. Katika pwani yetu ulipandwa mwaka 1973 huko Bamburi, karibu na Mombasa, katika mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa mawe ya saruji, mahali ambapo miti mingi ilikuwa imeshindwa kuota. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Bura na Baringo.

Tusiwe wepesi wa kuwalaumu waliouleta. Nchi ilikuwa kavu, kuni zilikuwa haba, na mchanga ulikuwa ukipeperuka. Wakapata mti usiotaka maji mengi, unaokua upesi, wenye kuni nzito na kivuli kizuri. Nani angaliukataa? Kosa lilikuwa kwamba hawakuuliza mti huo huzaaje, na nani huzibeba mbegu zake.

Mathenge huzaa maganda marefu ya manjano, matamu kama sukari guru. Mbuzi, ng'ombe na ngamia huyala kwa tamaa, na wanyama wa mwituni kadhalika. Lakini mbegu iliyo ndani ina ganda gumu ambalo tumbo la mnyama haliwezi kulivunja. Hulilainisha tu, kisha mbegu ikaangushwa chini pamoja na samadi, mbolea yake tayari, mbali kabisa na mama yake. Basi kila mbuzi ni mpanzi asiyelipwa. Mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilipokuja, mafuriko nayo yakazichukua mbegu hizo na kuzitandaza katika mabonde yote. Huko kwa Waafar wa Ethiopia mti huu umekwisha kufunika nchi ya hekta zaidi ya milioni moja, nao ni watu wa mifugo kama ndugu zetu Waorma na Wasomali.

Madhara yake ni mengi, nasi tutayataja machache. Chini ya kichaka cha mathenge nyasi hazioti. Mwiba wake hupenya kandambili, hupenya gurudumu la baiskeli na hata la gari, na ukiingia mguuni mwa mtoto au ukwatoni mwa mnyama jeraha lake huvimba na huchelewa kupona. Sukari ya maganda huozesha meno ya mbuzi. Na mbuzi asiye na meno hufa njaa huku majani yapo mbele yake. Mwaka 2006 watu wa jamii ya Ilchamus wa Baringo waliishitaki Serikali katika Mahakama Kuu ya Nairobi kwa sababu ya mti huu, nao wakamleta mbuzi kibogoyo awe ushahidi. Wako waliocheka walipoisoma habari hiyo magazetini. Mwenye mbuzi hakucheka. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliutangaza mathenge kuwa gugu lenye madhara kwa mujibu wa sheria.

Liko na jambo jingine ambalo wazazi wengi hawajalisikia. Mbu wa malaria, kabla ya kutafuta damu, huishi kwa utamu wa maua, na mathenge huchanua hata wakati wa kiangazi, maua mengine yakiwa yamekauka. Mwaka 2017 ilitolewa habari ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji 9 vya upande wa Bandiagara, katika nchi ya Mali. Vijiji 6 vilikuwa na mti huu na 3 havikuwa nao. Palipokatwa matawi yenye maua, mbu walionaswa walipungua kwa karibu 7 katika kila 10. Basi anayeufyeka mti huu karibu na dirisha analolala mtoto wake hafanyi kazi ya shamba peke yake.

Imo katika hadithi za Mtume wetu (S.A.W.), katika zile zilizokusanywa na Imamu Muslim, habari ya mtu aliyeneemeka Peponi kwa sababu ya mti alioukata, uliokuwa ukiwaudhi watu njiani. Na wakati huohuo hapana Mwislamu asiyejua thawabu za kupanda mti ambao mtu, ndege au mnyama atakula matunda yake. Mambo haya mawili hayapingani. Mti huhukumiwa kwa unalowafanyia viumbe, na hukumu hiyo yataka mtu autazame mti wenyewe, si jina lake tu.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe: tuutoeje?

Tuchukue mfano wa nyumba moja, na msomaji wa Hola au wa Bura huenda akaiona kana kwamba ni yake. Mzee ana shamba la ekari 4, na mathenge imekwisha kula ekari 3. Mwanawe amerudi kutoka mjini, amesikia habari za dawa ya kuulia magugu.

"Baba," asema kijana, "tukinyunyiza dawa kwa pampu shamba zima, baada ya majuma machache tutakuwa tumemaliza."

"Na mbuzi wa jirani watakula nini majuma hayo, mwanangu?" ajibu mzee. "Na mkaa unaotulipia unga, je, tutautoa wapi?"

Mama, aliyekuwa kimya akipeta mchele, asema: "Fanyeni mtakavyo, lakini chupa ya sumu haitalala chini ya paa langu."

Twaona kwamba kila mmoja ana haki yake, na kila mmoja amekosea kidogo, isipokuwa mama.

Tuanze na mkaa wa mzee. Ni kweli kwamba mathenge ina mkaa mzito unaokaa motoni, na nyumba nyingi zimesomesha watoto kwa mkaa huo. Lakini wachoma mkaa hukata shina magotini, kwa kuwa hapo ndipo mkono unapofika bila kuinama katikati ya miiba. Nao mti huu umehifadhi macho yake ya kuchipukia pale shina linapoingia ardhini, na kidogo chini ya hapo. Ukikata juu ya udongo, shina moja huwa mashina kumi, na baada ya misimu miwili kichaka huwa kinene kuliko kwanza. Moto nao ni vivyo hivyo: mti mchanga huungua, mti mkubwa hunyoa nywele tu. Anayetaka kuua kwa chuma peke yake lazima achimbe, akate mzizi mkuu kiasi cha sentimita 10 mpaka 30 chini ya ardhi, penye udongo laini na penye udongo mgumu. Kwa mti mmoja au 20 hiyo ni kazi njema, wala haihitaji senti ya dawa. Kwa ekari 3 ni kazi ya kuvunja mgongo.

Asidhani mtu kwamba mizizi yenyewe aweza kuing'oa yote. Katika jimbo la Arizona, Marekani, mzizi wa mti wa ukoo huu ulikutwa katika mgodi zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Habari njema ni kwamba hapana haja ya kuufuata huko. Ukiyaua macho yaliyo karibu na uso wa ardhi, mzizi uliobaki hauna pa kuchipukia, hufa taratibu.

Hapo ndipo dawa inapopata nafasi yake. Dawa za kuulia magugu si za namna moja. Ziko zinazounguza kila jani zinaloligusa, kama parakwati. Hiyo mathenge huicheka: majani huanguka leo, na mwezi ujao hurudi. Na juu ya kutofaa kwake, parakwati ikinywewa hata kwa kiasi kidogo aghalabu huua, wala haina dawa ya kuitengua. Hatuoni sababu yoyote ya kuiingiza katika kazi hii. Namna ya pili ni dawa zinazoingia ndani ya mti, zikasafiri pamoja na chakula chake mpaka mzizini. Iliyotumika sana kwa miti ya ukoo huu ni trikilopiri, ambayo huchanganywa na dizeli ili ipenye gome.

Kijana wetu alitaka kunyunyiza shamba zima. Hilo hatulikubali. Majani ya mathenge ni madogo, yana utando unaozuia maji, na wakati wa ukame mti huwa kama uliolala, hauvuti kitu. Dawa nyingi itaanguka chini, au itachukuliwa na upepo kwenye mahindi ya jirani, na upepo haukubali kushitakiwa. Njia iliyo bora kwa mtu mwenye shamba dogo ni kisiki. Kata shina karibu kabisa na ardhi, lipanguse vumbi na unga wa msumeno, kisha papo hapo upake dawa kwa brashi ya rangi, kwa uangalifu zaidi pale pembeni penye gome na kuni nyeupe iliyo chini yake, kwa kuwa hapo ndipo mti unapopitishia chakula. Katikati ya kisiki ni kuni iliyokufa. Kuipaka ni kupoteza fedha. Upake pia ubavu wa kisiki mpaka kwenye udongo. Ukikata asubuhi na kupaka jioni, mti huwa umekwisha kuziba kidonda chake, hasa kama dawa yenyewe ni ya maji. Basi watu wawe wawili: mmoja akate, mwingine afuate nyuma na brashi.

Kwa miche ambayo shina lake halijazidi sentimita 5, huko Australia hawakati kwanza. Hulowesha gome pande zote kutoka ardhini mpaka kiasi cha sentimita 30 juu, wakauacha mti ukauke ukiwa umesimama. Njia hii ni nyepesi, lakini inakula dawa nyingi zaidi, na mti mfu wenye miiba hubaki ukisimama shambani.

Na kiasi cha dawa? Hapa twamsihi msomaji asisikilize maneno ya dukani. Huko Australia iko dawa iliyochanganywa trikilopiri na pikiloramu ambayo hutiwa lita 1 katika lita 60 za dizeli. Huko Texas iko dawa ya trikilopiri peke yake ambayo hutiwa sehemu 15 katika kila 100 kwa gome laini, na 25 kwa gome lenye magamba. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na yote mawili ni sahihi, kila moja kwa chupa yake. Basi soma karatasi iliyobandikwa katika chupa. Kama huioni vizuri, mwite mtoto aliye shuleni akusomee, hapana aibu. Chupa isiyo na karatasi, wala namba ya kusajiliwa na bodi ya Serikali inayosimamia dawa za mashamba, usiinunue hata kwa bei ya bure. Na kabla ya kununua chochote, muulize afisa wa kilimo au wa misitu ni dawa ipi imeruhusiwa kwa kazi hii mahali unapokaa.

Tumetaja Texas, nayo ina kisa ambacho yafaa vijana wetu wakijue. Wafugaji wa huko wamepigana na miti ya ukoo huu miaka mingi, ijapokuwa kwao ni miti ya kienyeji. Walianza kwa kumwaga mafuta ya taa shinani. Katika miaka ya 1950 wakapata dawa iliyoitwa 2,4,5-T, wakainyunyiza kwa ndege juu ya malisho makubwa. Dawa hiyohiyo, ikichanganywa na nyingine, ndiyo iliyomwagwa na jeshi la Marekani juu ya misitu ya Vietnam katika miaka ya 1960. Baadaye ilibainika kwamba katika kutengenezwa kwake huingia sumu kali iitwayo dioksini, na mwaka 1985 matumizi yake yote yalikuwa yamefutwa huko Marekani. Wafugaji wale hawakuwa wajinga. Walielezwa kwamba dawa ni salama, wakaamini. Nasi tunapoelezwa leo kwamba dawa fulani ni salama, tuisadiki kwa kadiri ya glavu tulizovaa.

Sasa turudi kwa mama na neno lake, kwa kuwa katika mashauri yote ya nyumba ile hilo ndilo lililo kubwa. Watoto wengi wamenyweshwa sumu na chupa ya soda. Baba hupimiwa dawa kidogo dukani, hutiwa katika chupa iliyo karibu, ikawekwa nyuma ya mlango. Na mtoto mwenye kiu hajui kusoma. Dawa ikae katika chombo chake yenyewe, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na jiko na mbali na ghala la nafaka. Anayepaka avae glavu za mpira, viatu vilivyofunika mguu na nguo ya mikono mirefu. Asile wala asivute sigara akiwa kazini. Na nguo zile zifuliwe peke yake, si pamoja na kanzu na kanga za nyumba. Chombo kikiisha kisuuzwe mara tatu, maji ya suuza yarudishwe katika dawa inayopakwa, kisha kitobolewe ili mtu asije akakitekea maji. Kibuyu cha dawa hakiwi kibuyu cha kutawadhia, hata kikiosheka namna gani.

Karibu na kisima, na ukingoni mwa mto, usipake kabisa. Hapo tumia sururu. Dizeli peke yake yatosha kuharibu maji ya watu, seuze na kilichomo ndani yake. Na kuni za shina lililoloweshwa dawa likiwa limesimama zisipelekwe jikoni.

Hapa twapenda kuingiza neno kwa jamaa wenye watoto au ndugu waliohamia Marekani na Kanada, ambako nako iko mimea ya kuogopwa. Huko liko jani litambaalo juu ya miti na kuta, lenye vijani vitatu vitatu kwa kikonyo kimoja, ambalo mafuta yake huitwa urushioli. Likigusa ngozi hutokea malengelenge na mwasho wa siku nyingi. Watu wa pwani watafahamu upesi tukisema kwamba jani hilo ni la jamaa moja na mwembe na mkorosho, na kwamba mafuta yanayounguza midomo ya mtu aliyebambua korosho mbichi ni ndugu wa mafuta hayo. Nao hulipaka trikilopiri au glaifoseti. Lakini mgeni wa huko akumbuke hili: kwetu mtu akifyeka kichaka hukichoma moto, jani lile likichomwa, moshi wake hubeba mafuta yale mpaka ndani ya mapafu, na watu wamelazwa hospitali kwa sababu hiyo. Na likifa, mafuta hubaki katika mti mkavu muda mrefu. Glavu hata kwa lililokufa.

Na kwa jamaa zetu walioko Oman na nchi za Ghuba: mathenge nayo imefika huko, na kwa mbali hufanana na ghafu, mti wa kale wa jangwani, ambao katika Falme za Kiarabu umefanywa kuwa mti wa taifa. Wote wawili ni wa ukoo mmoja. Mmoja umewapa kivuli Mabedui tangu zamani, mwingine ni huyu mgeni wetu. Mwenye shoka asiyetofautisha atakuwa amemwua mwenyeji.

Basi nyumba ile ya mfano wetu ifanye nini? Kwa rai yetu, mzee asikatazwe mkaa wake, bali akate chini kabisa, na kijana amfuate na brashi, ekari 1 kwa mwaka, wakianzia upande wenye mti mchache. Watu wengi huanzia penye kichaka kinene kwa sababu ndicho kinachowaudhi. Wakati huo pembezoni mbegu zinaendelea kusafiri. Mwaka wa kwanza linda nchi iliyo safi, ndipo ukiingilie kichaka. Maganda yaokotwe kabla mbuzi hawajayafikia, yapelekwe kwenye mashine ya kusagia: yakisagwa unga, mbegu hufa, na unga ule ni chakula kizuri cha mifugo maadamu umechanganywa na majani na vyakula vingine. Ng'ombe aliyelishwa maganda peke yake muda mrefu hupatwa na ugonjwa wa kupinda uso na ulimi.

Palipofunguka papandwe nyasi za kienyeji mvua ya kwanza, maana ardhi tupu itamkaribisha mgeni yuleyule tena. Mbegu zilizolala udongoni zaweza kukaa miaka 10 zikiwa hai, na hapo hapana dawa iliyo bora kuliko macho ya watoto. Baada ya kila mvua wapite shambani, udongo ukiwa bado mbichi. Mche wa urefu wa shubiri moja hung'oka kwa vidole viwili. Ukiachwa mpaka ukafika kiunoni, utataka sururu na mtu mzima.